Kaka Mkubwa Hataki Mtoto Wangu Achanjwe, Nami Sina la Kumjibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike anayekaribia kutimiza miezi 9. Kumezuka mlipuko wa surua tunakoishi, na kliniki wamenipangia tarehe ya kumchanja mwisho wa mwezi huu. Tatizo ni kaka yangu mkubwa. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, kaka ndiye aliyetusomesha sote, na mpaka leo akisema neno hakuna wa kulipinga. Ni mtu anayesoma na kufuatilia mambo, si mjinga hata kidogo, na hilo ndilo linalonichanganya.

Tangu mlipuko uanze anatuma mambo kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp asubuhi na usiku. Kwanza alituma ujumbe wa sauti wa mtu anayejiita daktari, akisema kwamba katika kila wagonjwa 10 wa surua, 6 walikuwa wamechanjwa. Basi kaka akaongeza kwamba ama chanjo haifanyi kazi, ama ndiyo inayoleta ugonjwa wenyewe. Kisha akatuma video ya mama mmoja anayesema mwanawe alipata homa na vipele siku chache baada ya chanjo. Juzi ameandika kwamba vitamini A inatosha, na kwamba hata Shirika la Afya Duniani linaitumia kwa surua ila hawataki tujue. Nilipotafuta, Shangazi, nikakuta ni kweli shirika hilo linapendekeza vitamini A kwa wagonjwa wa surua. Hapo nikaishiwa nguvu.

Na ana hoja moja ambayo sijaweza kuijibu. Anasema: "Wakati wa korona walituambia barakoa hazina haja, kisha wakasema tuvae. Wakaipigia debe dawa, kisha wakaikataa. Watu wanaogeuza maneno kila mwezi utawaaminije na mtoto?" Mimi mwenyewe nakumbuka hayo yote yalitokea.

Mdogo wetu wa mwisho alimjibu kikundini kwa dhihaka mbele ya wajomba na mashemeji. Kaka alinyamaza siku hiyo, lakini tangu hapo anatuma mara mbili ya zamani. Mume wangu anasema tusubiri kwanza mambo yatulie. Mama ananiambia nisimvunjie kaka heshima.

Nikueleze na hili. Wifi yangu, mke wa kaka, alipokuwa mjamzito alidungwa sindano bila kuambiwa ni ya nini, na kaka alipouliza alifokewa. Hajawahi kulisahau.

Naomba unijibu mambo mawili. Je, kaka ana ukweli? Na nizungumze naye vipi tusije tukafarakana?

Mama wa Binti

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na lisiloweza kungoja. Tarehe ya kliniki usiisogeze mbele. Surua inaenea kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote tunaoujua: mgonjwa mmoja akiwa katikati ya watu wasio na kinga huweza kuambukiza 12 hadi 18, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Kinga ambayo mtoto alipata kutoka kwako akiwa tumboni hupungua katika miezi hii hii. Mume wako anaposema msubiri mambo yatulie, anamwacha binti yenu bila kinga wakati ambapo hatari ni kubwa kuliko wakati wowote. Tena uliza kliniki kama anaweza kuchanjwa hata kabla ya tarehe yake. Kwenye mlipuko, watoto huweza kuanza kuchanjwa wakiwa na miezi 6, ila dozi hiyo ya mapema haihesabiwi, na zile za kawaida atazipata palepale pa ratiba.

Sasa tuje kwa kaka yako. Umeuliza kama ana ukweli. Anao, vipande vipande, na ndiyo maana mdogo wenu hakumweza kwa dhihaka. Habari ya kupotosha inayodumu mara nyingi huwa na kitu cha kweli ndani yake, na mtu akikiona kile cha kweli anaupokea mzigo wote. Wewe mwenyewe limekupata kwenye vitamini A.

Tuchukue kwanza ile hesabu ya 6 katika 10, maana ndiyo iliyomshika. Usibishane kama ni ya kweli. Mkubalie, kisha kaeni na kalamu na karatasi. Tuseme watoto 1,000 wamekutana na virusi vya surua. Kati yao 950 wamepata dozi moja ya chanjo, na 50 hawajachanjwa kabisa. Dozi moja hukinga watoto 93 katika kila 100, kwa hiyo 7 katika kila 100 hubaki bila kinga. Kwa watoto 950, hao ni kama 66; tuseme wote wameugua. Upande wa pili, surua huwapata watu 9 katika kila 10 wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa. Kwa watoto 50, hao ni 45. Jumla ya wagonjwa ni 111, na waliochanjwa ni 66. Gawanya: ni 6 katika kila 10, ileile ya kaka.

Sasa mwulize swali ambalo ule ujumbe wa sauti haukuliuliza: 66 kati ya wangapi? Ni 66 kati ya 950. Na wale 45 ni kati ya 50. Ukimshika mkono mtoto mmoja aliyechanjwa na mwingine asiyechanjwa, wa kwanza ana nafasi 7 katika 100 za kuugua, wa pili ana 90. Waliochanjwa wamejaa kwenye orodha ya wagonjwa kwa sababu wamejaa kwenye jamii nzima. Kama watoto wote 1,000 wangekuwa wamechanjwa, kila mgonjwa angekuwa mtu aliyechanjwa, na wagonjwa wangekuwa 70 tu badala ya 111. Hesabu ya kweli kabisa, na maana yake ni kinyume cha ile aliyopewa. Hili liliwachanganya wengi wakati wa korona pia, watu waliosoma na wasiosoma, kwa sababu jicho huenda moja kwa moja kwa wagonjwa na kusahau kuuliza walitoka katika kundi la ukubwa gani. Na hao 7 wanaobaki ndio sababu ya dozi ya pili, ambayo hupandisha kinga hadi watoto 97 katika 100.

Video ya yule mama nayo huenda ni ya kweli tupu. Watoto 5 hadi 15 katika 100 hupata homa baada ya chanjo ya surua, na wengine wachache hutoka vipele vinavyoisha vyenyewe. Tena nitakwambia ambalo wengi huogopa kulisema: dozi moja katika kila 3,000 au 4,000 hivi za chanjo inayochanganya surua, matumbwitumbwi na rubella huweza kumletea mtoto degedege kutokana na ile homa. Mzazi akiliona anatishika sana, ila kwa kawaida halimwachii mtoto madhara ya kudumu. Ufiche ukweli huo halafu aupate kwingine, hatakuamini tena kwa lolote. Ila uuweke kando ya ugonjwa wenyewe. Surua huleta nimonia kwa mtoto 1 katika kila 20 hivi wanaougua, na uvimbe wa ubongo kwa 1 katika kila 1,000. Mwaka 2019 watafiti walipima damu za watoto kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta ugonjwa umefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua, kisha anabaki dhaifu mbele ya maradhi ambayo mwili wake ulikwisha kuyazoea.

Vitamini A pia ni kweli, kwa mtu aliyekwisha kuugua. Hutolewa kwa mtoto mwenye surua, kwa kipimo cha umri wake, siku mbili mfululizo, chini ya macho ya mhudumu wa afya. Haizuii surua kumpata mtu. Hakuna aliyeificha; wewe mwenyewe umeikuta wazi ulipotafuta. Na kuimeza kiholela kuna hatari, kwa sababu mwili hauitoi kwa urahisi ikizidi, inajikusanya kwenye ini. Mwaka 2025, kwenye mlipuko wa surua katika jimbo la Texas nchini Marekani, madaktari walipokea watoto wa surua ambao pia walikuwa na dalili za ini kuathirika kwa vitamini A nyingi. Wazazi wao waliwapa kwa mapenzi, baada ya kusikia kuwa inasaidia.

Yule anayejiita daktari sina mengi juu yake. Sauti isiyo na jina, tarehe wala mahali haiwezi kuthibitishwa na mtu yeyote, na jambo lisiloweza kuthibitishwa halifai kuamulia afya ya mtoto.

Nakuja kwenye hoja ya kaka ambayo naiheshimu kuliko zote, ile ya wataalamu kugeuza maneno. Yalitokea kama anavyosema. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mtandaoni, kwa herufi kubwa, kwamba korona haisambai kwa hewa. Baadaye likakubali kwamba husambaa. Mpaka Juni 5 mwaka huohuo ndipo lilipoanza kuzishauri serikali zihimize watu wote wavae barakoa za kitambaa kwenye maeneo yenye maambukizi. Mwanzoni kulikuwa na hofu kwamba barakoa zitakwisha kabla ya kuwafikia wahudumu wa afya, na haikuwa wazi ni kwa kiasi gani mtu asiye na dalili anaweza kuambukiza wenzake. Kubadilika kwa ushauri hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba walisema kwa uhakika ambao hawakuwa nao. Wangesema, "Hivi ndivyo tunavyojua leo, na huenda kesho tukajua zaidi," watu wengi kama kaka yako wasingejiona wamedanganywa. Hapo msimtetee mtu, wewe wala mdogo wako. Mwambie kaka ana haki.

Kwenye ile dawa lakini, naomba mwiangalie kwa makini, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo kelele zile zilifunika. Hydroxychloroquine, dawa ya zamani ya malaria, ilipata umaarufu Machi 2020 baada ya utafiti mdogo wa Ufaransa ulioripoti wagonjwa 36 tu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikairuhusu kwa dharura mwezi huohuo. Uingereza wao walianzisha jaribio kubwa lililoitwa RECOVERY, wakawagawa wagonjwa kwa kura: huyu apate dawa, huyu apate huduma ya kawaida. Juni 5 wakatangaza kwamba hydroxychloroquine haikuokoa maisha. Katika waliopewa dawa, asilimia 27 walikuwa wamefariki ndani ya siku 28. Katika wasiopewa, asilimia 25. Siku 11 baadaye jaribio lilelile, kwa njia ileile, likatangaza kwamba deksamethasoni inaokoa. Hii ni dawa kongwe, inayopatikana kwa urahisi kila mahali, wala si siri ya mtu. Ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote.

Kaka yako aliliona lile la kwanza akaliita ukigeugeu. Mwonyeshe hayo mawili pamoja. Kipimo kilichoikataa dawa iliyopigiwa debe na wakubwa ndicho kilichoipokea dawa ambayo hakuna aliyekuwa akiishangilia, tena kikataja wazi ni nani itamfaa na nani haitamfaa. Mimi hiki ndicho ninachokiamini kuliko cheo cha mtu yeyote.

Halafu mwulize hili kwa utulivu: je, elimu juu ya surua ina umri gani? Machi 2020 korona ilikuwa na miezi michache duniani; kila aliyesema alikuwa akijifunza huku akisema. Chanjo ya surua imekuwa ikitumika tangu 1963. Imetolewa kwa vizazi kadhaa, katika kila bara, na imechunguzwa na watu wasiopatana kwa mengine yote. Hata ule uvumi mkubwa wa kwamba inaleta usonji ulitokana na makala ya mwaka 1998 juu ya watoto 12, ambayo jarida lililoichapa liliifuta mwaka 2010. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 wakachapisha matokeo mwaka 2019: waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana kwa usonji. Kutilia shaka ushauri wa mwezi wa tatu wa ugonjwa mpya ni busara. Kubeba shaka ileile na kuitua juu ya jambo lililopimwa kwa zaidi ya miaka 60 ni kutotofautisha vitu viwili, na mlipuko ukiwepo kutotofautisha huko kunaumiza watoto.

Hayo ni ya hoja. Lakini soma tena barua yako, mwanangu. Umeweka ile habari ya wifi yako mwishoni, kama nyongeza, na mimi nadhani ilistahili kuwa ya kwanza. Mtu aliyeona mkewe akidungwa sindano bila maelezo, akauliza akafokewa, ana sababu ya kutowaamini waliomfokea. Hata historia ina mifano mizito. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya kwa watoto, na familia zikalalamika kwamba hazikuelezwa kuwa ni jaribio. Mwaka 2003 viongozi wa huko walipositisha chanjo ya polio, wazazi wengi walikuwa bado na kumbukumbu hiyo. Polio ikaenea tena, ikavuka hadi nchi zilizokwisha kuitokomeza. Dhuluma ilikuwa ya kweli na shaka ilikuwa na mizizi, ila walioilipia ni watoto wasiohusika na lolote.

Kwa hiyo usiende kwake na hesabu kabla ya kumsikiliza. Kwanza malizana na mume wako, kwa sababu mtoto ni wenu wawili na uamuzi ni wenu wawili. Mkifika kwa kaka mna kauli mbili, hamtatoka na hata moja. Kisha mtafuteni kaka ana kwa ana, mbali na kikundi. Mbele ya wajomba na mashemeji hawezi kurudi nyuma, maana kila neno analolilegeza linaonekana kushindwa. Mwambie kitu kama hiki: "Kaka, wewe ndiye uliyetulea, na najua unayatuma yale kwa sababu unampenda mwanangu. Naomba unieleze kinachokuogopesha zaidi." Kisha nyamaza usikilize hadi mwisho. Akitaja ile sindano, usiikimbie. Mwambie walimkosea wifi na walikukosea wewe, kwa sababu ni kweli. Ndipo umwombe ruhusa: "Nami kuna jambo nimelisoma, naweza kukuonyesha?" Chagua moja tu, ile hesabu ya watoto 1,000, na mwache aikokotoe kwa mkono wake. Ukimmwagia yote niliyoyaandika hapa kwa siku moja, atasikia kelele tu.

Mdogo wenu mwombe aache kumjibu kikundini. Na wewe usiirudishe ile sauti kikundini hata kwa nia ya kuikosoa. Tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakionyesha kwamba watu huelekea kuliamini zaidi jambo walilolisikia mara nyingi, hata kama ni la uongo. Ukitaka kuweka kitu pale, weka ratiba ya chanjo na dalili za surua, bila kumtaja mtu. Wala usione familia yako ni ya ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya habari zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017 ulikuta kwamba za uongo zilikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 70 ya kusambazwa kuliko za kweli, na waliofanya kazi hiyo hasa ni watu, si mashine. Za uongo zilikuwa ngeni zaidi masikioni na zilishtua zaidi. Anayehofia mtoto wa ndugu yake hutuma kwanza, akapima baadaye.

Mwalike kaka aje nanyi kliniki. Awe yeye wa kuuliza: chanjo hii inaitwaje, inaisha muda lini, imehifadhiwa vipi, mtoto akipata homa tufanye nini. Mpigie muuguzi simu mapema umweleze kwamba anakuja mtu mwenye maswali na aliyewahi kufokewa. Kama muuguzi huyo hana subira, omba mwingine. Akikataa kuja, mjulishe siku mtakayokwenda kisha mwende. Msimchanje mtoto kwa siri, maana akija kujua baadaye atasema hata nyinyi mlimficha.

Na kabla ya siku hiyo mwambie mapema, yeye na mama na kila anayeishi na mtoto, kwamba kati ya siku ya 7 na ya 12 binti anaweza kupata homa au vipele vichache. Homa waliyoitarajia hawataiona kama uthibitisho wa ile video. Ikipanda sana, au mtoto akapata degedege au kukataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya bila kungoja. Dozi ya pili nayo hakikisha tarehe yake imeandikwa kwenye kadi kabla hamjatoka kliniki.

Shangazi